Mikono ya Mdogo Wangu Kwenye Boksi la Tumbaku

Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sehemu kubwa nililimalizia shambani. Nikikosea mahali mnivumilie. Ila kuna watu nitawataja humu. Majina yao siyaandiki, na si kwa kuwaogopa. Jina mtu anaweza kulikana, akasema wanaoitwa hivyo tuko wengi. Alichokifanya hawezi kukikana mbele yangu.

Wa kwanza ni Mwenye Bani. Bani ni lile jengo refu la matofali, halina dirisha, ambamo tumbaku inakaushwa. Majani yananing'inia kwenye fito, safu juu ya safu mpaka karibu na bati, na chini sakafuni yanapita mabomba yanayoleta joto kutoka kwenye tanuri la nje. Kule makazi, tulikozaliwa sisi watoto wa waliokimbia Burundi, mkulima mdogo hakuwa na bani lake. Alipeleka majani kwa mwenye nalo, na kazi akaifanya humo humo. Mwenye nalo alikuwa yeye. Leo ana mashamba Magamba, ana nyumba ya vigae hapa Mpanda, na ni mwenyekiti wa chama cha wakulima. Akipita watu wanamwamkia. Mimi shikamoo yake niliizika zamani.

Siku moja alikuja kwenye meza yangu ya dagaa Makanyagio, nyuma yake binti mmoja mwenye begi mgongoni.

"Dada, za biashara?"

"Ndiyo hizi. Dagaa wananitazama, na mimi nawatazama."

Binti akacheka kwa sauti. Alikuwa mtoto mzuri, nisimsingizie, ingawa na yeye nitamtaja. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na kazi yake ilikuwa kubuni maboksi. Nikamuuliza, unachora picha juu ya boksi? Akasema hapana mama, boksi lenyewe, linafunguka vipi, linakaa vipi mkononi, linalia vipi likifungwa.

"Likifungwa linalia?"

"Lazima lilie, mama. Mteja anapenda mlio."

"Mimi dagaa nawafunga kwenye gazeti, na hakuna aliyewahi kurudi kudai mlio."

Akacheka tena. Halafu akanitolea kwenye begi kitu alichokuwa anatafutia boksi. Kilikuwa kijiti cha tumbaku, lakini si cha mviringo kama sigara tunayoijua. Kilikuwa bapa, kama kile kijiti kinachobaki mtoto akimaliza aiskrimu. Akasema hakiwashwi. Kinachomekwa kwenye kidude kama simu ndogo, kidude kinakipasha joto, basi mtu anavuta.

"Hakuna moto kabisa, mama. Hakuna majivu. Ndiyo uzuri wake."

Nilimwangalia Mwenye Bani. Yeye alikuwa ameinama, anachagua dagaa kama mtu anayetaka kununua.

Moto wote mmeuacha huku kwetu. Hilo lilinijia mdomoni nikalimeza.

"Wanataka boksi liseme limetoka wapi," akasema Mwenye Bani. "Wanatafuta mtu anayejua kutunga majani kwa mkono, ule utungaji wa zamani, wapige picha. Nikawaambia Mpanda nzima yupo mmoja tu."

"Wawili," nikasema. "Tulikuwa wawili."

Akachukua dagaa mmoja, akamrudisha kwenye fungu.

Nieleze kutunga, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Ufito mmoja unalazwa juu ya magoti ya watu wawili. Mmoja anaanzia kushoto, mwenzake kulia. Unashika majani mabichi matatu kwa vikonyo, unazungusha kamba ya katani, unavuta, unayaangusha yaning'inie. Tena matatu upande wa pili. Mnakwenda hivyo mnafuatana mpaka mnakutana katikati. Pale katikati kamba mbili zinafungwa fundo moja, na fundo hilo lina namna yake, mmoja anabana kwa dole gumba, mwingine anafunga. Mtu peke yake akilifunga linalegea, na majani yanadondoka ndani ya bani.

Upande wa pili wa ufito wangu alikaa mdogo wangu. Alikuwa mwepesi kuliko mimi na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Akinizidi kasi, akapita katikati kuja kwenye nusu yangu, ananiambia, "Dada, nimeshavuka mpaka. Hebu niulize karatasi!" Mimi namwambia, "Simama hapo, mkimbizi wewe, karatasi ziko wapi?" Tunacheka mpaka mama anatutupia kikonyo. Majani yale mabichi yanalevya. Jioni tulikuwa tunatapika wote, na mama anatupa uji wa chumvi, na kesho yake tunarudi.

Sasa wa pili wa kumtaja ni bwana shamba wa siku zile. Mabomba ya lile bani yalikuwa ya mapipa ya mafuta yaliyokatwa, yameliwa na kutu mpaka ukichungulia ndani unaona makaa. Alikuja kuyakagua. Alichinjiwa kuku. Alikula yule kuku, akafuta mdomo, akasema mabomba yako sawa. Nilikuwa pale, mimi ndiye niliyemnawisha.

Bani likishakausha linaachwa lipoe ndipo mtu aingie kushusha fito. Kila mtoto wa makazi analijua hilo. Jani lililokauka likidondokea bomba la moto, ni kiberiti. Lakini asubuhi ile gari la kubeba mitumba ya tumbaku lilikuwa linakuja, na Mwenye Bani hakutaka limwache. Akafungua mlango yeye mwenyewe. Mdogo wangu akaweka mkono pale mlangoni, akausikia ule upepo unaotoka, akasema, "Baba, bado."

"Ingieni, ingieni," akasema Mwenye Bani. "Joto hilo ni la chai."

Mdogo wangu ndiye aliyepanda juu, kwa sababu ya wepesi wake. Mimi nilikuwa chini karibu na mlango, napokea fito na kuzitoa nje. Sikuuona moto ulipoanza. Niliusikia. Ulikuwa kama mtu anakung'uta shuka jipya. Nikainua macho, juu kote kulikuwa kwekundu, na yeye yuko safu ya pili amekaa kama mtu aliyekaa kwenye tawi, ameninyooshea mikono yote miwili. Nilimshika. Watu baadaye walisema sikumfikia, kwamba nimeota, lakini nilimshika, kiganja kwa kiganja. Ndipo fito za juu zikakatika na moto wake, zikaangukia pale pale mikono yetu ilipokutana.

Nje nilimsikia Mwenye Bani. Wakati wote ule alikuwa anapiga kelele neno moja. "Tumbaku! Tumbaku! Okoeni tumbaku!"

Walionivuta kwa miguu wanasema nilitoka nimekunja ngumi, na walipozikunjua ndani hamkuwa na kitu.

Kwetu, watu wakitoka kuzika hawaingii ndani hivi hivi. Panawekwa karai la maji mlangoni, kila mtu ananawa mikono ndipo apite. Unaacha pale udongo wa marehemu, na marehemu naye anakuacha. Mama aliniambia aliyenawa wa kwanza alikuwa Mwenye Bani. Hakungoja hata wazee. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa shati, akaingia kula. Mimi nilikuwa hospitali, nimefungwa bandeji mikono yote kama watoto wachanga wawili. Niliporudi karai lilikuwa limeshamwagwa siku nyingi, na bandeji bado ninazo. Bibi mmoja jirani aliniangalia, akamwambia mama nikiwa nimesimama pale pale, "Huyu mwenzake bado anaye mikononi."

Maneno ya kizee, nilisema. Lakini kwa muda mrefu jirani hawakupokea kikombe kutoka kwangu, na mimi mwenyewe usingizini nilikuwa nashtuka kwa kubanwa vidole.

Basi, zaidi ya miaka ishirini imepita, mikono imepona kwa namna yake. Ngozi ya juu imekunjamana, inang'aa, kidole cha mwisho cha kushoto hakinyooki. Nachagua dagaa, nafua, nasuka. Kitu ambacho sikukigusa tena ni jani la tumbaku. Kwa hiyo mtaniuliza, kwa nini nilikubali kwenda kupigwa picha? Mama aliniuliza hivyo hivyo. Nikamwambia mikono ilitaka. Tangu yule binti aseme neno kutunga, vidole vilikuwa vinajizungusha vyenyewe kwenye upindo wa kanga.

Walinikalisha kwenye ghala la chama, kwenye kigoda, ufito juu ya magoti, na majani mabichi yameletwa kutoka Magamba. Upande wa pili wa ufito hapakuwa na mtu.

"Nani atakaa hapa?" akauliza binti.

"Naweza kukaa mimi," akasema Mwenye Bani. Eti alikuwa anatania.

"Wewe kaa huko huko uliko," nikamwambia.

Binti akauweka ule upande juu ya kreti, akakaa nyuma yake yeye na kamera. Nikaanza. Sikusahau hata zungusho moja. Harufu ilinipanda kichwani, ile ya kulevya, na kila nikivuta kamba nilisubiri kusikia mtu akiniambia amevuka mpaka. Nilipofika katikati nikaacha.

"Mbona umeishia hapo, mama?"

"Hapa ndipo mtu mmoja anapoishia."

Akashusha kamera. Nikamweleza habari ya kukutana na habari ya fundo, lakini bani sikumtajia, wala sikumtajia mtu. Aliandika haraka haraka. Macho yalikuwa yanamwaka kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Mvua zilishaanza aliporudi na maboksi yenyewe. Yalikuwa bado ya majaribio, machache, ya kuonyesha wakulima na wakubwa wake. Akaniletea langu pale mezani, amelifunga kwenye mfuko lisilowe.

Lilikuwa boksi zuri. Siwezi kusema uongo. Bapa, upana wa kiganja, rangi ya jani lililokauka vizuri la daraja la juu. Halikufunguka kwa juu kama pakiti ya sigara. Lilikuwa na mifuniko miwili, mmoja unakwenda kushoto, mwingine kulia, na ukifunga inakutana katikati. Ikikutana inalia tk, kidogo tu. Chini kulikuwa na nafasi ya kijivu. Binti akasema hapo litakaa onyo la afya, ni sheria. Na juu ya ile nafasi, mikono miwili inachomoza, mmoja kwenye kila mfuniko, imeshika kamba ya katani. Ukifunga, madole gumba yanakutana.

Haikuwa na kovu hata moja.

"Tumeisafisha kwenye kompyuta," akasema binti. "Umejiona ulivyokuwa msichana?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mimi mikono yangu ya usichana siikumbuki. Nani anakaa akiangalia mikono yake? Mikono niliyoiangalia msimu mpaka msimu ni ile iliyokuwa inakuja kwangu kutoka upande wa pili wa ufito. Tulirithi wote mikono ya baba, na dole gumba pana kama kijiko. Na binti yule na kamera yake alikaa ng'ambo ya ufito, akaiona mikono yangu kama mimi nilivyokuwa naiona ya mdogo wangu. Aliondoa makovu yangu, kilichobaki kikawa mdogo wangu. Alikuwa ananijia tena kutoka upande wake, amefika katikati, ananyoosha mikono, na kuanzia vifundoni kushuka chini hayupo, pamefunikwa.

Nilifunga meza mchana huo. Dagaa walilowa.

Nyumbani nililiweka boksi juu ya kabati la vyombo, nimelifudikiza. Mama macho yake bado mazuri, na mikono haitulii. Nikiwa uani nikamsikia ndani, ameshtuka kwa Kirundi chake.

"Mawe we! Mwanangu, umemtoa wapi?"

Sikuwa nimemwambia neno. Nilimkuta amekaa mkekani, boksi liko kwenye mapaja, anapitisha kidole juu ya yale madole gumba.

"Ni mimi huyo, mama. Wamenipiga picha ghalani."

"Wewe!" Akaniangalia kama nimemtania. "Mimi ndiye niliyewazaa, nyie. Wewe kucha zako unakula tangu mtoto. Huyu ni mwenzako."

Sikumbishia. Sisi picha ya mdogo wangu hatuna hata moja. Siku zile picha ilikuwa mpaka mpigapicha apite na baiskeli, na alipopita sisi tulikuwa shambani. Mama tangu hapo hakuliachia boksi. Alilipeleka kwenye mto wake. Mchana nikiwa uani napembua dagaa nilikuwa nasikia, tk. Kimya. Tk. Anamfungua na kumfunga.

Nikaanza kuhesabu mambo ambayo sikutaka kuyahesabu. Kwamba boksi hili litachapwa mengi. Litakaa mfukoni mwa vijana wa Dar na wa nchi nyingine, likalie tk kwenye sebule zao, watoe kijiti chao kisicho na moto, na mdogo wangu kila mara anyooshe mikono na hakuna wa kumshika. Likiisha watalitupa. Litakanyagwa. Niliona hata lililokanyagwa, kabla halijatengenezwa.

Nikapanda bodaboda mpaka nyumba ya wageni aliyofikia binti. Nilimkuta ukumbini na kompyuta yake.

"Nimekuja unirudishie makovu yangu," nikamwambia.

"Vipi, mama?"

"Uliyoyafuta. Yarudishe, au uiondoe mikono yote."

Alidhani nimeona aibu. Akaanza kunibembeleza, kwamba imependeza, kwamba mteja akiona makovu kwenye boksi la tumbaku ataanza kuwaza mambo mengine.

"Atawaza nini?"

"Atawaza... nini kilitokea."

"Basi mwache awaze. Kilitokea."

Nikakaa nikamweleza. Nilimpa yote, mabomba, kuku wa bwana shamba, joto la chai, na neno lile moja lililopigiwa kelele nje. Alikuwa ameshika mdomo. Nilipomaliza akaniuliza huyo mwenye bani yuko wapi siku hizi.

"Ndiye aliyekuleta kwangu."

Akafunika kompyuta. Lakini nimesema nitamtaja, na namtaja. Hakuuliza. Siku ile ghalani alikuwa na swali kwa kila kitu, kamba inanunuliwa wapi, jani linaitwaje, ila mikono iliyoungua iko mbele ya kamera yake na hakuuliza iliunguaje. Aliona kazi ya kusafisha, akasafisha. Ni kosa dogo kuliko makosa ya wenzake. Ni kosa.

Baada ya wiki kadhaa alinipigia simu. Mikono imeondoka, akasema. Litabaki jani tu. Wakubwa zake walikubali, ila si kwa sababu ya mdogo wangu, habari zake hakuwaambia. Aliwaambia onyo la afya limekula nafasi, mikono inabanwa, na hilo wakalielewa. "Nimejitahidi, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Halafu akasema jambo moja dogo limebaki. Maboksi yote ya majaribio yanatakiwa yarudi, yasionekane huko nje, na mwenyekiti atapita kuchukua lile la kwangu.

Nilichokitaka nimekipata, na ndicho kilichokuwa kinakuja kumnyang'anya mama yangu mwanawe mara ya pili. Na anayekuja kumchukua ni yule yule.

Nilimwambia mama. Hakulia. Aliuliza atakuja lini, nikamwambia sijui, akasema sawa.

Alikuja alasiri, pikipiki yake akaiegesha barabarani. Mama alikuwa ameshamwona kutoka dirishani. Nilipofika mlangoni nilikuta ameweka karai kizingitini, lina maji, yeye amekaa kwenye kigoda pembeni yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Sikai. Nimefuata kile kiboksi, wanakidai Dar."

"Kipo. Kiko ndani kwenye mto wangu. Nawa mikono, uingie ukakichukue."

Akaliangalia karai. Kwao na kwetu desturi ni moja, hakuhitaji kuelezwa.

"Ninawe kwa nini tena, mama? Kwani kuna msiba?"

"Upo."

Akacheka kidogo, akanigeukia mimi kama mtu anayetafuta mtu mzima wa kuongea naye. "Dada, hebu mwambie mama. Nina safari ya Usevya mimi, nachelewa."

"Nawa tu," nikamwambia. "Maji si ya baridi. Joto lake ni la chai."

Niliona neno likimwingia. Sijui kama alilikumbuka kama ninavyolikumbuka mimi, lakini lilimwingia. Alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa shati, akauacha nusu. Alisimama pale mlangoni kwetu, mtu mzima, mwenyekiti, mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haujakunjwa, anayatazama maji. Jirani wa mbele alikuwa ameacha kutwanga.

"Nitarudi," akasema.

Hajarudi. Simu ya Dar nayo haikupigwa tena kuuliza. Nasikia boksi limeshatoka na lina jani moja tu juu yake. Sijaliona, na sitaki.

Alipoondoka, mama aliendelea kukaa. Akagusa maji kwa kidole.

"Haya, nawa wewe sasa," akaniambia. "Wewe ndiye hukunawa. Yasiende bure."

Niliinama. Niliiona mikono yangu mle majini kabla haijayagusa, makovu yake yote, na kile kidole kisichonyooka. Mama alikuwa ananingoja. Amengoja zaidi ya miaka ishirini, maskini, bila kunisukuma.

"Mikono yangu ina samaki, mama," nikasema. "Nimalize kwanza dagaa."

Mama aliinuka, akaingia ndani. Kuku wa jirani akaja akanywa, akainua shingo, akanywa tena. Mimi nikarudi kwenye ungo wangu. Kutoka chumbani nikasikia, tk.